Jina Lisilotumika

Utrecht, 7 Machi 2019

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni baridi tu. Mguu unaendeleaje?

Jumapili nilipokuwa kwako, ulipolala niliifungua ile programu ya kompyuta uliyoiandika, inayojichungulia kila asubuhi na kuorodhesha kwenye kioo majina ya vitu ambavyo kila kipande chake hupokea ili kifanye kazi. Kazi nzuri, mzee, ila takataka zimejaa. Kitu kimoja ulikiita Sietske, kama marehemu mama, na hakitumiki popote. Nilidhani umekisahau humo, nikakifuta. Kazini kwetu hatuna huruma na visivyotumika. Usininunie.

Mwanao,
Femke

Harlingen, 11 Machi

Mwanangu Femke,

Mguu haujambo. Asante kwa usafi, ingawa hukuombwa.

Najua hakikuwa na kazi. Oktoba daktari aliniambia kumbukumbu zangu zinakwisha, sikutaka kukusumbua. Karatasi nazipoteza, lakini kompyuta vidole vyangu huiwasha vyenyewe. Ndiyo maana nilipachika majina yenu mle, yanitokee nikinywa kahawa. Hutoka majina matupu, yaliyomo hayaonyeshwi. Hayo nilikuwa nayo mwenyewe kichwani.

Jumatatu ile jina la mama yako halikutoka. Nililitafuta kichwani mpaka mchana, nikaona aibu. Mwishowe nilivaa koti nikaenda makaburini, nikalisoma kwenye jiwe. Barua yako ilifika Jumamosi.

Baba yako

Utrecht, 13 Machi

Baba yangu,

Hujambo? Mimi sijambo kwa kusema tu. Nimelia ofisini mbele za watu. Nililiona jina la mama, nikauliza linafanya kazi gani. Nisamehe.

Jumamosi nakuja kulirudisha kwa mkono wangu. Nitaleta mkate wa sukari, na nitakuja kila Jumamosi.

Binti yako,
Femke

Harlingen, 2 Desemba

Femke,

Salamu. Natumaini u mzima, wewe na watu wako. Mimi sina neno.

Nakuandikia kwa kuwa jina lako linanitokea kila asubuhi, chini ya Sietske. Linatoka tupu. Nilimuuliza dada mmoja mwema anayeniletea mkate wa sukari Jumamosi kama anakufahamu. Alisema anakufahamu, akaniandikia anwani hii. Anasema utafurahi kupata barua.

Ukipata nafasi, niambie wewe ni nani wangu.

Wako,
Wiebe