Kwa Mama Mkwe, Kuhusu Maji ya Mtoto

Mama mkwe wangu mpendwa,

Sijui barua hii itakukuta katika hali gani. Nimeiandika mara mbili. Moja nimempa Mama Sifa, jirani yetu, anayepeleka ndagala, dagaa wa ziwa letu, kuuza huko kwenu Mutarule; atakutafutia mtu wa kukusomea. Ya pili atabaki nayo katekista wa hapa Uvira, aisome mbele ya watu Jumapili baada ya misa. Mama Sifa ni mtu mwema, lakini siku hizi hata mtu mwema namtazama mikono kabla ya kumtazama uso. Umenijua hivyo tangu mwanzo, utacheka.

Unakumbuka ulivyofika? Mwanao alikuwa amevuka kwenda Bujumbura kwa sababu waasi walikuwa wanawatafuta makarani kama yeye, nami nilibaki Uvira na Neema wa miezi minane. Ulitembea kutoka Mutarule na kikapu cha mchele kichwani, ukaingia, ukamchukua mtoto kabla hata hujaketi. Badala ya kukushukuru nikajiambia: huyu ametumwa na mwanawe kunichunga. Nikakuletea maji na sabuni unawe, nikasimama palepale kuangalia kama vidole vyote vimepata povu.

"Weye unanichunga kama vile minye niko mwizi," ulisema.

Nikakutolea daftari langu. Kabla ya uhuru nilisoma kwenye foyer, ile shule ya akina mama, na kila walichotufundisha kuhusu kulea nilikiandika kwa wino. Mama akate kucha. Nepi zianikwe juani. Chakula kifunikwe. Maji ya mtoto yachemshwe. Wewe hukujua kusoma. Uliligusa daftari kwa kidole kimoja, ukauliza kama Wazungu walipoondoka hawakusahau kubeba na sheria zao. Nilinuna kutwa nzima.

Na uji je? Mimi nilitia sukari. Wewe ulisaga ndagala kavu mpaka zikawa unga, ukachanganya, ukaonja kwanza, ndipo ukataka kumlisha. Nilikuzuia siku mbili. Siku ya tatu Neema aliukataa uji wangu akafungua mdomo kwa wako. Halafu nilipotaka kumwachisha kunyonya kwa kuwa niliona maziwa yangu yamekuwa mepesi, ulinikalisha mkekani ukanipikia lengalenga, ule mchicha wa huku, na maharage. "Kula weye kwanza," ulisema. "Mutoto anakula mu mwili yako." Nilikula, huku nachungulia sufuria. Kilikuwa chakula kitamu sana, na sikukuambia.

Kisha mtoto akaanza kuhara.

Wakati ule maji yalikuwa na maneno mengi. Vijana wa maasi walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie, na mtu akimwaga maji karibu na mlango wako uliuliza amemwaga nini. Mimi nilichemsha maji ya Neema kila jioni na kuyaweka kwenye mtungi wake peke yake. Baada ya siku kadhaa akapona, nikajisifu mimi na daftari langu. Lakini kila asubuhi niliona maji ya mtungini si yale niliyoyaacha. Yalinuka moshi zaidi. Nikachora alama ya mkaa ndani ya mtungi, pale maji yalipofikia. Asubuhi yalikuwa juu ya alama.

Nikakuvizia. Alfajiri moja nilikukuta nyuma ya jiko umeinama, unamwaga maji ya mtoto chini na kujaza mengine kutoka kwenye chungu nisichokijua. Nilipiga kelele zikafika barabarani.

"Mulozi! Analoga mutoto yangu! Mukuye muone!"

Walikuja. Unawajua waliokuja, na baadhi yao wanaisikiliza barua hii. Mmoja aliuliza mama wa bondeni, mtu wa Mutarule, anatafuta nini kwetu wakati kama huu. Mwingine alisema waitwe wale vijana wa maasi wenye mikuki. Wewe uliweka chungu chini, ukajifuta mikono kwenye kitenge, ukasema, "Minye namupenda ule mutoto. Mungu anaona." Ukachukua kikapu chako ukaondoka, na mimi sikukupa hata kiazi cha njiani. Chungu chako nilikivunja kwa mchi.

Hazikupita wiki mbili ukatuma unga wa mchele kwa mkono wa mama mmoja aliyekuwa anapita. Uji wa Neema, alisema. Nilimshukuru, na alipoondoka nikawapa kuku kwanza. Siku tatu niliwatazama nikingoja wafe. Wakanenepa. Ndani ya nyumba Neema alikuwa anahara tena, na safari hii utosi ulibonyea, akawa analia bila machozi. Dispansari ilikuwa imefungwa, muganga alikuwa amekimbia.

Siku hiyo Mama Sifa aliingia akanikuta jikoni. Maji yalikuwa yamechemka. Niliyaepua, nikachota kata ya maji ya ziwa nikayazimua ili mtoto anywe upesi, kama nilivyofanya kila siku. Alinishika mkono.

"Mama mukwe wako aliona ile," alisema. "Mchana weye ukiwa mu shamba, alikuwa anakuya kuniomba kuni. Alisema unachemsha maji muzuri, halafu unarudishia ya ziwa. Alitaka kukuambia, ukamuonyesha daftari."

"Na siku ile pale uani ulinyamaza kwa nini?"

"Ningesema, na minye bangeniita nani?"

Nilikaa chini. Kweli niliandika kwamba maji yachemshwe. Namna ya kuyapoza sikuwahi kuuliza, maana kwetu maji ya moto yanazimuliwa, ndivyo tunavyooga na ndivyo tunavyokunywa tangu utoto. Wewe uliliona kosa hilo kwa macho tu. Ulichemsha yako mchana, ukayaacha yapoe yenyewe, na alfajiri ukayabadilisha kimyakimya ili usiniaibishe nyumbani kwangu. Uliniokolea mtoto, nami nikakuita mulozi. Nina aibu, mama. Hadi leo nauona mgongo wako ukiondoka na kile kikapu.

Unga wako uliobaki niliupika uji mwepesi kama maji, nikamlisha Neema kijiko kimoja kimoja kutwa, na katikati nikamnyonyesha. Siku ya nne alikojoa vizuri. Ya sita akacheka. Sasa anatembea, anavuta mikia ya mbuzi wa watu. Maji yake yanapoa ndani ya chungu kilichofunikwa, na akilia kiu kabla hayajapoa nampa titi.

Lakini Mama Sifa ameniletea habari za kwenu. Anasema neno nililolitupa mimi hapa Uvira limefika Mutarule. Wanawake wanaondoa mitungi yao ukifika kuchota, na hakuna anayekuachia mtoto umbebe. Anasema vijana wa maasi wameuliza mara mbili nyumba yako ni ipi. Labda ameongeza chumvi, sijui, simwamini mtu moja kwa moja. Ila jambo hili siwezi kulijaribu kwa kuku. Wakiuliza mara ya tatu, watakuwa wamekuja kukuua, na waliotumwa watakuwa wametumwa na ulimi wangu.

Katekista, hapa naomba usome polepole. Ninyi mliokuja uani kwangu alfajiri ile: mama mkwe wangu hakumloga mtoto. Aliyemnywesha Neema ugonjwa ni mimi mama yake, kila siku, kwa kata. Najua mtanong'ona kwamba kuna kitu nimelishwa ndiyo maana nasema hivi. Nong'oneni. Lakini mwenye mkuki anayetaka kuuliza habari za ugonjwa ule asiende Mutarule, aje kwangu. Mlango wangu mnaujua.

Mama, barua ikishasomwa sitangoja jibu. Jumatatu asubuhi nitamfunga Neema mgongoni nianze njia ya kuja kwenu. Askari siwaamini, waasi siwaamini, na hao wanaosema barabara imefunguka siwaamini pia. Hata msamaha wako sina hakika nao, na ukinifungia mlango nitajua ni haki yako. Nitabisha tu. Nitawaita majirani zako wote watoke watazame. Nitamweka Neema mikononi mwako, kisha nitachukua mtungi wako niende kuchota maji, niwaache ninyi wawili peke yenu, na sitageuka nyuma kuangalia.

Ukae salama mpaka Jumatatu hiyo.

Mukazana wako, mke wa mwanao na mama wa mjukuu wako