Mteja Asiyenunua Gauni

Binti yangu mpenzi,

Magoti yananisumbua, ila macho bado yanasoma. Gauni la bluu nimeliona mtandaoni. Mshono umenyooka, na mjukuu wangu kalivaa likamkaa.

Mwanangu, acha kutangaza kazi yako kwa picha zake. Yule mteja anayesifu kila gauni na hajanunua hata moja anamwandikia mtoto kwa siri. Alianza na sifa. Sasa anadai picha ambazo mtoto hawezi kukuonyesha, na Jumamosi hii atamngoja stendi. Mtoto alinipigia akilia: "Babu, usimwambie mama! Ataninyang'anya simu, halafu anivunje mbavu."

Nilimwahidi kunyamaza. Lakini mimi mkimbizi huku ng'ambo ya mpaka miaka yote hii, mkono wangu utamfikiaje mtu huyo? Nawe simu zangu hupokei tangu tulipokosana, ndiyo maana nimemsihi dereva wa basi akuletee barua hii.

Nakuomba, mama, usimpige mtoto. Acha cherehani, keti naye, mwambie hana kosa. Msifute ujumbe hata mmoja. Nendeni nao polisi. Jumapili, mtoto akiwa salama ndani, ndipo unikasirikie.

Ni mimi,
Baba yako