Pale Gitaa Linaponyamaza

Mjukuu wangu Zawadi,

Hapa Kamembe tupo. Maman yako anakusalimu; mimi situlii, unanijua. Unauliza kama kaseti yangu imeharibika, maana gitaa linanyamaza katikati ya wimbo. Hapana. Wakati wa vita nilikuwa narekodi banamuziki wangu nyuma ya duka la vitambaa. Mpiga gitaa, Bahati, alivuka mpaka kwenda Bukavu kutafuta nyuzi za gitaa, na mpaka ukafungwa akiwa huko. Nikataka kumweka mwingine. Mwimbaji wetu, Maman Furaha, akakataa: “Hapana, Mzee. Tumuachie nafasi yake. Nitamuita tu, vile tunaitaga batu kwenye nyimbo.” Ndiyo maana unasikia jina lake, kisha kimya. Wanunuzi nao waliirudisha kaseti, wakidai ni mbovu.

Mpaka ulifunguliwa zamani. Lakini wimbo ukifika pale, bado naangalia mlango.

Babu yako