Langoni Ulipolala

Baba yangu uliyelala langoni,

Leo ni siku ya nne maziwa hayajaja. Naanza na hilo kwa sababu wewe huhitaji kuelezwa maana yake. Halima, binti wa Mzee Dhadho, hajawahi kuniruka hata siku moja tangu arithi kutoka kwa mamake kazi ya kutuletea maziwa. Kila asubuhi nilisikia ndala zake, kisha "Mwalimu, hodi," kisha ile harufu ya moshi iliyoshika kibuyu chake. Sasa nakunywa chai ya rangi na kusikiliza njia. Mara ya mwisho maziwa yalipokatika namna hii, tulizika watu.

Nakuandikia nikiwa kwenye baraza ya kanisa lako, saa saba mchana, ufunguo wa lango mfukoni. Kaburi lako naliona kutoka hapa. Vijana wetu sita wamelikalia, na mapanga yao wameyaegemeza kwenye msalaba wako. Waliniamkia kwa heshima. Mmoja wao nilimfundisha kusoma hapa hapa katika chekechea yetu, na bado ananiita Mwalimu huku akipitisha kidole kwenye makali.

Nina jambo la kukuambia na naliogopa, kwa hiyo vumilia nianzie mbali.

Tulitoka Taita juu ya lori la mabati, wewe, mama na mimi, nikiwa na miaka sita. Nilikuwa mtoto wa ukungu na sweta. Uliponishusha huku, juu kidogo ya Garsen, mguu wangu ulizama kwenye ufa wa udongo mweusi, nikapiga ukelele kwamba ardhi inanila. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukauchomoa mguu, ukapangusa kiatu kwa shati lako la ibada, mama akakutolea macho. "Usilie, fundi msaidizi," uliniambia. "Kwenye nyufa hatujengi."

Wiki mbili ulizunguka ukingoni mwa Tana na mtaimbo begani, ukidunga ardhi kila hatua chache. Udongo huu ukinyeshewa huvimba, ukikauka huachana, na ukuta uliosimama juu yake huachana nao. Mimi nilikufuata na chupa ya maji. Ndipo ukakipata kile kipande: kipana, kitupu, kigumu kama sakafu, kikishuka polepole hadi majini. Wapokomo waliotupokea walikuwa wamelima kila mahali isipokuwa pale. Ulipokiomba, wazee wao walitazamana, wakakupa. Nakumbuka ukirukaruka juu yake kwa viatu vyako vizito. "Wakio, njoo uone! Imeshindiliwa tayari. Mungu ametutangulia kazini."

Ulikuwa mjenzi hodari, baba, na hilo ndilo lililokuponza. Ulipoona ardhi ngumu, ulijiuliza itabeba ukuta wa kimo gani. Hukuuliza ni nani aliyeishindilia.

Mzee Dhadho alikuja kutoka upande wa Waorma kutuambia wakati msingi umefika magotini. Hakuwa mzee bado. Alisimama na fimbo yake mabegani, akatazama matofali, akakataa kiti. Nilikuwa nimechuchumaa kando nikichanganya mchanga, na maneno yake ninayo mpaka leo.

"Mchungaji, hii ni malka. Ng'ombe napita hapa kwenda maji. Babu yangu napitisha hapa, baba yangu napitisha hapa."

"Lakini sijaona hata ng'ombe mmoja, mzee wangu."

"Sasa mvua iko. Mvua kama haiko, utaona."

"Basi watazunguka kidogo. Mto ni mrefu."

"Ng'ombe hajui kanisa, hajui msikiti," alisema. "Ng'ombe najua njia ya maji."

Ulimpa mkono, ukamwombea mvua, ukarudi kwenye matofali. Sikulaumu sana kwa siku ile. Ulikuwa mgeni, na neno malka ulikuwa unalisikia kwa mara ya kwanza. Lakini wazee waliokupa ardhi walilijua, na wewe ulipolijua hukurudi kuwauliza. Nadhani ulishampenda mtoto wako huyu wa matofali. Nilikuona ukigonga tofali moja kwa jingine karibu na sikio, ukitabasamu likilia vizuri, na nakiri nililionea wivu.

Kiangazi cha kwanza kilipokuja, ulikuwa kwenye mkutano Garsen. Sakafu ya kanisa ilikuwa imemwagwa saruji jana yake. Mchana wa jua kali mama alisikia ng'ombe wakilia nje ya lango la ua wetu wa fito, akatoka na leso yake, akawaangalia. Mbavu zao zingehesabika. Wachungaji wa Kiorma walisimama tu, hawakuomba wala kutukana. Mama alilifungua lango lote, akasimama kando kama mtu anayepokea wageni wa harusi. Walipita mbele ya mlango wa kanisa, wakashuka mtoni, wakarudi matumbo yamejaa, na sisi wawili tukashika mafagio kufuta nyayo zao mpaka alasiri. Tulicheka sana siku ile. Mama hakuwa mtu wa kucheka.

Tulisahau ndama mmoja tu. Aliingia kanisani, akaweka ukwato kwenye saruji mbichi hatua moja kutoka mlangoni. Uliporudi ukauona kabla hata ya kuvua kofia.

"Nani amefungua?"

"Mimi," mama alijibu. "Nimewapa maji. Kanisa lako lingali limesimama."

Hukusema nasi siku tatu. Ya nne ulirudi kutoka Hola na miche ya mathenge kwenye gunia bichi, kwa sababu ulisikia ni mti wa miiba usiohitaji kumwagiliwa, na unafanya ua ambao hata nyoka anauchungulia tu. Nilikusaidia kuchimba mashimo. Fundi msaidizi, mikono yangu ilitoka damu nikajiona shujaa.

Laiti ungeuona ua wako leo. Mbuzi na ng'ombe walikula maganda yake matamu, wakaenda kuangusha mbegu kila walikopita. Mathenge ulishika ukingo wote, juu na chini, ukafunga njia moja baada ya nyingine ambazo mifugo ilikuwa ikizungukia. Ulisema mto ni mrefu. Sasa mto mrefu una mwanya mmoja tu upande huu, na mwanya huo ni lango letu. Wewe mwenyewe ndiwe uliyelipanda hilo, baba, na mimi nikiwa nimeshika jembe.

Mwaka mbaya nitaugusa kwa ncha ya kidole. Maziwa yalikatika siku tano. Ng'ombe walipofika ulisimama langoni na Biblia yako, lango limefungwa, ukakataa katakata. Wachungaji wao waliondoka kwa ukali, wakajaribu kupenya kupitia shamba la mahindi la Mzee Komora, Mpokomo na mzee wa kanisa letu, na huko ndiko watu walikofia. Mtoto wa kwanza wa Komora. Mtoto wa kwanza wa Dhadho. Walikuwa wakicheza mpira pamoja wakiwa wadogo, hapa uwanjani. Jumapili iliyofuata ulisimama mimbarini ukamshukuru Mungu kwamba lango halikuvunjwa. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Nilikupenda kuliko mtu yeyote duniani, na kwa mara ya kwanza nilikuonea aibu. Sikukuambia.

Halafu ugonjwa. Ulipokuwa umebaki mifupa na macho, uliwaita wazee wote ukawaagiza kaburi lako lichimbwe langoni, likae katikati ya njia. "Wakitaka kupita, wapite juu yangu." Watu walilia kwa namna ulivyosema. Hata mimi nililia, nikajivuna kuwa binti wa mtu jasiri namna ile. Mama peke yake hakulia. Tulipotoka mazikoni alinishika mkono akaniambia, "Mimi mkanizike kwetu Taita. Sitaki kuwa kufuli la mtu." Na huko ndiko aliko, kwenye ukungu wake.

Jana Halima alinipigia simu. Alikuwa ananong'ona. "Mwalimu, ng'ombe nafika kesho, kabla jua haijalala. Baba namwambia vijana wangoje, wanakataa. Wanasema sisi tumeomba tangu babu, sasa hatuombi. Mwalimu, toka hapo. Nenda Garsen." Nilimuuliza kama wamebeba silaha. Akalia, akakata.

Sikwenda Garsen. Nilikwenda kwa Mzee Komora. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba yake, wanawake na watoto wameshapelekwa mbali, kuku tu ndio waliobaki wakiparua. Nilimwambia tufungue. Alitazama shamba lake la mahindi, mzee yule aliyemzika mwanawe.

"Mwalimu, mimi nikifungua, nimeruhusu ng'ombe wamkanyage mchungaji wetu. Vijana hawatanisamehe. Hata sisi wazee tulikula yamini mbele yake akiwa kitandani."

"Na nikifungua mimi?"

Aliniangalia vizuri. "Wewe ni damu yake. Kaburi ni lako. Mtoto akilitengua neno la baba yake, sisi tuna neno gani tena? Nitawashika vijana."

Sijui kama Komora ana mikono ya kutosha kuwashika vijana sita. Lakini sasa unajua jambo langu ni lipi. Yamini yao imefungwa kwako, na wewe umefungwa kwangu, na hakuna mwingine aliye hai wa kulifungua fundo hili.

Baba, nakuomba radhi kabla sijafanya. Naogopa. Ngoja niweke kalamu kidogo.

Nimerudi. Yapata saa kumi.

Nilikwenda pale kaburini nikawaambia vijana, "Naomba nafasi, nataka kumtengeneza baba." Walidhani naleta maua, wakainuka upesi. Nilipoushika msalaba na kuutikisa, mapanga yao yalianguka chini. Ulikuwa umeshikwa imara kuliko nilivyotarajia, nikachukua mtaimbo wako, ule ule. Nimeung'oa nikijua ni wewe uliyenifundisha pa kudunga mtaimbo. Kokoto za pembeni nimezisawazisha kwa miguu. Msalaba nimeubeba mwenyewe mpaka kanisani, nikauegemeza ukutani karibu na mlango, alama ya ukwato wa yule ndama ikiwa chini yake. Kisha nikafungua kufuli nikalisukuma lango mpaka mwisho. Lililia vibaya kwa kutu.

Mzee Komora, aliyekuwa ameshafika kuwashika vijana, alivua kofia. Watano kati ya vijana walikwenda kusimama nyuma yake. Wa sita, huyo niliyemfundisha kusoma, alitema mate mbele ya miguu yangu, akachukua panga lake, akaingia njia ya mashambani. Nilimwita jina mara mbili. Hakugeuka. Mpaka sasa hajarudi, na Komora anatazama upande ule kila mara.

Sina hakika nimezuia kitu. Huenda nimechelewa, huenda wale wanaokuja walishaapa kwao kama sisi tulivyoapa kwetu. Nimempigia Halima aseme lango liko wazi. Simu yake inaita tu. Ninachokijua ni kwamba sitakaa tena benchi la mbele nikishukuru kwa ajili ya mlango uliofungwa. Nilikupenda, nakupenda, na ulikosea. Nimengoja miaka mingi kukuambia sentensi hiyo, na imeniuma kidogo kuliko nilivyodhani.

Vumbi limeshaonekana juu ya mathenge, upande wa bara. Ni jingi. Kengele za mbao za shingoni nazisikia, ila sisikii mbinja za wachungaji, na kawaida hupiga mbinja. Nimechukua fagio la mama nyuma ya mlango. Nitakwenda kusimama kando ya lango, pale pale aliposimama yeye, na yeyote atakayetangulia kufika, ng'ombe au mtu, atanikuta mimi.

Pumzika, baba. Ukisikia kwato juu yako, usiamke. Ni mimi niliyefungua.

Binti yako na fundi msaidizi wako,
Wakio