Picha ya Baba kwenye Skrini Pana

Kisii mjini, 14 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Baba na dada yangu Bitutu. Mimi mzima, ila mafua kidogo, mvua ya huku haiombi ruhusa. Tumbo la Baba linaendeleaje? Bado anaukataa uji?

Najua simu huisikii vizuri siku hizi. Nyumbani hatuongei ila Kikisii, lakini ulinifundisha tangu darasa la nne kwamba jambo zito huandikwa, tena kwa Kiswahili, basi naandika. Walter wa matatu atakuletea barua hii akishusha abiria hapo Nyamira.

Bitutu ameniambia bonasi ya majani ya chai imeingia, na Baba amesema safari hii ninunuliwe skrini mpya ya kompyuta. Nimeshindwa hata kumshukuru. Hii ya zamani inazimikazimika na wateja wa mabango ya mazishi wameanza kwenda kwa wengine.

Dukani nimeona mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, bapa, haina mbwembwe, na rangi unayoiona ndiyo itakayotoka kwenye kitambaa. Ya pili ni pana kupita kiasi na imepinda, ukikaa mbele yake ni kama inakukumbatia. Unaweka picha upande huu, maandishi upande ule, video katikati. Wanaobuni na kuhariri wanaisifu. Hata wa gemu. Ni nzuri, Mama, siwezi kudanganya. Nichague ipi?

Mwanao,
Ochoki

Nyamira, 20 Oktoba 2024

Mwanangu Ochoki,

Salamu za nyumbani zikufikie. Chemsha tangawizi, acha kunywa soda kwenye mafua. Baba yako anakula vijiko vitatu kisha anasema ameshiba. Tunamshukuru Mungu kwa hivyo vijiko.

Nimemsomea barua yako mara mbili. Amecheka aliposikia skrini inayokumbatia mtu. Anasema hiyo ni kazi ya mke, na umlete haraka.

Mimi skrini sizijui. Ninachojua ni kwamba kazi yako ni nyuso za watu waliokufa, na wao hawarudi kulalamika. Kwa hiyo chagua ile inayomwonyesha mtu alivyo. Baba yako naye anasema uchague ile unayoipenda. Kubishana na mgonjwa sikuwezi, nimekuandikia yote mawili.

Nimeona pia kwamba neno gemu umelitaja mara moja tu, tena haraka, kama mtoto anayempita mwalimu akiwa na embe mfukoni. Sikufundisha miaka thelathini bure.

Uje umwone. Ni mwendo wa saa moja.

Mama yako

Kisii mjini, 3 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Natumai hamjambo wote. Mafua yameisha, ni ile tangawizi.

Nimechukua ile pana iliyopinda. Ni kwa ajili ya kazi, Mama, nimefikiria sana. Juzi nilitengeneza bango la bibi mmoja wa Masimba na familia ikalia kwa jinsi alivyopendeza. Mambo ya gemu usiwe na shaka nayo, hata muda wenyewe sina.

Mwambie Baba asante. Nilitaka kuja Jumapili hii lakini kazi zimeingiliana. Nitakuja ijayo.

Mwanao,
Ochoki

Nyamira, 8 Desemba 2024

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tupo. Bitutu anakusalimu, ameacha kibarua chake cha Keroka ili anisaidie kumgeuza baba yako kitandani.

Jumapili ijayo zimepita tano. Lango likigonga baba yako huuliza, "Ni Ochoki?" Bitutu akimwambia ni upepo, anasema basi ufungulieni huo upepo, labda yuko nyuma yake.

Amepungua. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Wazee wa kanisa walikuja kumwombea nikawaambia amelala. Wakaja tena, nikawaambia amelala tena. Sitaki watu wamwone hivi, mtu aliyekuwa akiimba besi hadi mabati yanatetemeka. Lakini wewe si watu. Wewe njoo.

Mama yako

Kisii mjini, 19 Desemba 2024

Mama,

Salamu. Desemba hii ni harusi juu ya harusi, silali. Nitakuja mwaka mpya bila kukosa. Mwambie Baba anisubiri.

Ochoki

Nyamira, 26 Januari 2025

Mwanangu Ochoki,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Afya yangu ni ya mjane wa siku kumi: nakula nikikumbushwa.

Siku ya mazishi sikupata nafasi ya kukaa nawe, kila aliyekuja alinishika mkono akakataa kuuachia. Halafu jioni nikaambiwa umesharudi mjini. Kwa hiyo naandika nilichotaka kusema.

Ni kuhusu bango. Unajua matanga yetu yalivyo. Mtu anakufa akiwa mkavu kama ukuni, lakini kwenye bango ananona na kutabasamu, mpaka watu wanaopita kwenye jeneza wananong'ona kama kweli ni yeye. Mimi ndiye niliyemwambia Bitutu akutumie ile picha ya suti ya kahawia, aliyopigwa kabla ya ugonjwa, mashavu yamejaa. Nilitaka watu wamwone huyo.

Walipolifungua bango nikamwona baba yako akiwa amekonda. Mashavu yameingia, shingo nyembamba kama kijiti. Niliona haya, Ochoki, nilitaka kulifunika kwa leso yangu. Kisha wazee wale wale niliowafukuza wakasimama mbele yake. Mmoja akalia waziwazi. Akaniambia kumbe aliteseka hivi na sisi tulidhani umetunyima tu mlango. Watu walipopita kwenye jeneza walimtambua. Walimuaga mtu wanayemjua.

Bitutu anasema lazima ulikwenda mochari peke yako ukamtazama vizuri kabla ya kuitengeneza ile picha. Mwenye macho haambiwi tazama. Nilikuwa na hasira nawe tangu Desemba, na siku ile ilikwisha. Asante, mwanangu.

Bango nimelitundika sebuleni.

Mama yako

Kisii mjini, 2 Februari 2025

Mama mpendwa,

Pole sana kwa yote, jitahidi kula. Barua yako nimeipata. Usinishukuru, nilifanya nilivyoweza.

Mwanao,
Ochoki

Nyamira, 9 Februari 2025

Mwanangu,

Hujambo? Leo nimekula ugali na mboga ya chinsaga, Bitutu akanipigia makofi kama mtoto.

Mume wa Mokeira, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, amefariki. Unamkumbuka Abner, yule aliyekuwa akikukimbiza kwenye mapera yake. Mokeira amekuja kukaa mbele ya bango la baba yako karibu saa nzima. Anataka wewe umtengenezee la Abner, na hataki picha ya kupendeza. Anataka ukamtazame mochari kama ulivyomtazama baba yako. Atakungoja mlangoni Jumanne saa tano. Nimemwambia utakuja, wewe huna moyo wa kukataa jambo kama hilo.

Mama yako

Kisii mjini, 16 Februari 2025

Mama,

Nakusalimu kwa aibu, na sijui hata kama nina haki ya kukuuliza hali.

Jumanne nilikwenda. Mokeira alinishika mkono akaniingiza mwenyewe. Shuka lilipofunuliwa akaniambia, "Tazama polepole, kama ulivyomtazama baba yako." Nilitoka nje nikatapika. Alidhani ni huzuni, akanipa maji.

Mama, sikumtazama Baba. Mochari sikwenda. Hata pale kaburini nilikaa nyuma ya hema mpaka jeneza likafungwa.

Ile skrini niliichagua kwa ajili ya gemu. Ulijua kabla sijainunua. Kompyuta yangu ni ya zamani, na gemu ikijaza upana ule wote inakwama. Kwa hiyo mtu hupunguza picha kwenye mipangilio, na skrini nayo inaivuta kwa upana mpaka ijae pembe hadi pembe. Kila kitu kinanenepa, mpira unakuwa yai, lakini gemu inakimbia. Ukimaliza unarudisha mipangilio, ndipo ufanye kazi. Mabango mengine yote nilirudisha.

Siku ile sikurudisha. Nilikuwa nacheza tangu saa nne asubuhi, maana nikicheza nilikuwa nasahau kwamba Baba amekufa akiuliza ni nani yuko langoni. Picha aliyonitumia Bitutu ilipoingia nilimwona Baba mnene ajabu. Macho yalikuwa yameshazoea unene wa kila kitu kingine, sikuishuku skrini, nikadhani ni kamera. Nikambana kutoka pande zote mbili mpaka akanikaa sawa, nikatuma kwa mwenye kuchapisha vitambaa, nikarudi kwenye gemu. Kazi ya uso wa baba yangu ilinichukua dakika ishirini.

Kule kukonda ulikokuona hakukuwa ugonjwa wake. Ni mimi niliyembana. Nilipoliona bango asubuhi ya mazishi nilitaka kuling'oa, nikakosa hata ujasiri wa kusogea. Halafu ukanishukuru, nami nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniua zaidi.

La Abner nimelitengeneza vizuri, nimelipima kwa rula. Mokeira sikumtoza kitu.

Lishushe lile bango, Mama. Linakudanganya kila siku.

Ochoki

Kisii mjini, 16 Machi 2025

Mama,

Walter amekuja Jumapili nne mikono mitupu. Najua barua uliipata, anasema ulimpokea mwenyewe. Siombi jibu. Naomba tu Bitutu aniambie kama unakula.

Ochoki

Nyamira, 6 Aprili 2025

Ochoki,

Nakula.

Bango nililishusha siku ile ile nilipokusoma. Nilikuwa na hasira ambayo sikumbuki kuwahi kuwa nayo, hata kwa wanafunzi. Nililikunja nikalisukuma chini ya kitanda. Wiki ya pili Bitutu akaniuliza ni nani hasa ninayemkasirikia, nikamfukuza chumbani. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Wewe hukuja, hilo ni lako, ubebe. Lakini walikuja wengine nami nikawarudisha langoni. Wazee wa kanisa, ndugu zake, wanakwaya aliowafundisha. Nilimfungia mume wangu chumbani kana kwamba ameiba. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo niliwaandikia watoto ubaoni kila mwaka. Nami nikaificha nyumba nzima. Yule aliyekonda kwenye bango hakuna aliyetaka aonekane, si wewe wala mimi. Alijitokeza kwa makosa.

Sasa nisikilize, maana hili nimelikalia tangu Januari. Wiki moja kabla hajafa baba yako alimwambia Bitutu ampige picha kwa simu. Alisema, "Mtumieni Ochoki, asije akashtuka." Alijua hutakuja bila kumwona pichani kwanza. Alijua unaogopa. Mimi hilo sikuliona, niliona uvivu tu. Na picha niliikataza. Nilimwambia Bitutu aifute, nikamdanganya mgonjwa kwamba imetumwa. Kila siku akauliza, "Ameiona? Amesema nini?" Nikamjibu umesema unakuja.

Kwa hiyo usiniandikie tena habari za aibu yako kana kwamba uko nayo peke yako.

Bitutu hakuifuta. Kadi ya kumbukumbu ya simu yake imo ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa karatasi. Iweke kwenye hiyo skrini yako. Usiivute, usiibane, usiitengeneze. Itazame.

Mama yako

Kisii mjini, 8 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe na Bitutu.

Nimeiona. Niliirudisha mipangilio kwanza, nikaihakiki mara tatu, ndipo nikaifungua. Picha ya simu iliyopigwa wima ni nyembamba, haijazi hata nusu ya skrini hii. Baba yuko katikati, kulia kwake ni weusi mtupu na kushoto ni weusi mtupu. Sikuijaza hiyo nafasi.

Amekaa kwenye kigoda nje ya jiko. Amevaa sweta langu la kijani la shule, nililovaa kidato cha pili, na limemtosha. Anatazama moja kwa moja. Amekonda kuliko nilivyombana, Mama. Nimekaa naye tangu asubuhi mpaka saa nane, na simu za wateja sikuzishika.

Nimefunga duka. Walter alikuja kuichukua barua nikamwambia leo haibebi yeye. Hii naileta mwenyewe, na nikifika nitabisha lango kwa nguvu.

Mwanao,
Ochoki