Siku Uwanja Ulipoliita Jina Letu

Wajina wangu Malesi,

Hujambo huko Dodoma? Huku Mollo tu wazima. Babu yako anapura maharage huku akiulalamikia mgongo.

Umeniuliza kama jina letu ni la kiume, maana wenzako chuoni wanalicheka na kulitamka vibaya. Ukoo wetu humpa jina hilo yeyote anayezaliwa ulezi ukivunwa, awe wa kike au wa kiume.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu mgeni aliliona jina hilo akaniandika kwenye mbio za wavulana. Siku ya mashindano akagundua kuwa mimi ni msichana, akataka kunitoa. Bibi yangu akasimama: “Mwalimu, umemwita mwenyewe. Mwache akimbie!”

Nilikimbia pekupeku, sketi nimeikunja kiunoni. Kwenye kona ya mwisho alibaki mmoja mbele yangu. Nikampita! Uwanja mzima ukalipuka: “Maleeesi!” wakilivuta hapo katikati. Mavuno yale hata majirani wasio wa ukoo wetu waliwapa watoto wao jina hilo, wa kike kwa wa kiume.

Kwa hiyo usihangaike kuwafundisha kulitamka, mjukuu wangu. Wape sababu ya kulishangilia.

Bibi yako,
Malesi