Kashata Amekosa Ndege kwa Sababu Yangu

Alhamisi, jioni. Mawingu yamekaa juu ya mlima Kwaraa tangu asubuhi, hayashuki wala hayaondoki. Duka sikulifungua leo. Nimekaa kibarazani hapa Maisaka, Babati, simu mkononi, na Kashata amelala miguuni pangu. Hakutakiwa kuwepo hapa. Saa hizi alitakiwa awe ameshafika Uholanzi.

Nitaandika yote kama yalivyokuwa. Blogu hii alinifungulia binti yangu Rukia ili nisikae na mawazo kichwani, na wasomaji wake nadhani hawazidi vidole vya mkono mmoja. Leo naona afadhali wawe wachache hivyo hivyo.

Kashata ni paka. Ana rangi ya kashata yenyewe, kahawia na mabaka meupe, na jina alipewa na mjukuu wangu Sabra akiwa na miaka minne. Sabra nimemlea mimi tangu hajaota meno, Rukia alipokwenda nje kutafuta maisha. Mwaka huu, baada ya mfungo, mama yake alikuja kumchukua. Ana miaka minane sasa.

Tangu afike huko hasemi.

Nyumbani anajibu ndiyo na hapana. Shuleni hatoi hata neno, na mwalimu wake amemwita Rukia mara mbili kumweleza. Kwenye simu nilikuwa naongea peke yangu, namsimulia habari za mtaani na za dukani, nani kanunua kitenge gani, naye ananitazama tu. Kitu kimoja ndicho kilichomfungua mdomo. Nikimwelekezea Kashata simu, Sabra alikuwa anamwita jina. Ndipo Rukia akasema, mama, tumlete huyo paka.

Mtaa mzima ulicheka. Mama Deo, jirani yangu ambaye mahindi yake yanagusa ua wangu, alisema yeye ana miaka sitini hajapanda ndege, leo paka wangu anakwenda Ulaya. Nilicheka naye. Moyoni sikucheka.

Rukia alimpata mtu Arusha ambaye kazi yake ni hiyo tu, kusafirisha wanyama kwa ndege. Anaitwa Happy. Nilitegemea mtu wa maneno mengi, nikampata binti mtulivu, anaamkia kwanza, anaandika kila kitu, hana haraka. Alinieleza kwamba paka hapandi ndege kama furushi. Alikuja na daktari wa mifugo, huyo akamwekea Kashata kidude kama punje ya mchele chini ya ngozi ya bega, ndani yake kuna namba yake. Baada ya kuwekewa namba ndipo akachanjwa kichaa cha mbwa, kwa sababu chanjo ikitangulia namba, wale wa huko hawaihesabu. Mwezi ukapita, damu ikachukuliwa ikapelekwa nje kupimwa, na majibu yakaja mazuri. Lakini kuanzia siku ile ya damu ilibidi tusubiri miezi mitatu.

Miezi hiyo mitatu ilikuwa mizuri kwangu. Nalisema hilo leo kwa mara ya kwanza.

Happy alileta pia kizimba cha plastiki chenye mlango wa waya, akasema kikae wazi sebuleni ili Kashata azoee kuingia na kutoka mwenyewe. Nikatandika ndani gauni la zamani la Sabra, maana alitaka nguo yenye harufu ya mtu anayemjua. Wiki ya pili paka alikuwa analala humo. Nilikuwa naamka kwa swala ya alfajiri namkuta amejikunja ndani, nami naona kama ameshaondoka.

Mama Deo alinishauri asubuhi ya safari nimpe nusu kidonge cha piriton, alale mpaka afike. Nilimpigia Happy kuuliza, akakataa katakata. Alisema mnyama aliyeleweshwa kwa dawa anaweza kushindwa kupumua vizuri kule juu, na hakuna wa kumsaidia. Kuhusu chakula alisema nimpe kiganja kimoja alfajiri, basi, baada ya hapo maji tu. Nikamjibu sawa, mwanangu. Nikajiona mtu mwelevu kwa kuuliza habari ya dawa.

Chakula sikukiogopa. Nani anaogopa chakula?

Mama yangu alikuwa mtu wa Kondoa. Nyumbani kwake hakuna aliyetoka kwa safari tumbo tupu. Basi lingepiga honi mpaka lichoke, wewe ungekaa mkekani umalize sahani. Alisema anayeondoka na njaa anaondoka na kinyongo. Mimi nimefuata vivyo hivyo maisha yangu yote. Siku Sabra anaondoka nilimpikia wali na kuku saa kumi na moja alfajiri. Alikula wote, polepole, bila kusema neno, na sahani yake nilishindwa kuiosha mpaka kesho yake.

Jana asubuhi Happy alifika na gari lake saa mbili na nusu. Nikamkaribisha chai sebuleni. Kashata alikuwa ameshakula kiganja chake alfajiri kama tulivyoagizwa. Mimi nikamchukua, nikaingia naye jikoni, nikafunga mlango. Juzi jioni nilikuwa nimenunua sokoni perege mzima wa ziwani hapa hapa, nikamchemsha, nikamtoa miiba mmoja mmoja. Nikamwekea Kashata samaki mzima, na maziwa pembeni. Alikula kwa pupa, nami nimechuchumaa mbele yake, namsikiliza Happy akikoroga chai kule sebuleni. Nilijua nafanya kitu cha kuficha. Mtu asiyeficha hafungi mlango.

Tulipofika Magugu, Kashata akaanza kulia na kutokwa mate. Kabla ya Minjingu alitapika. Nilikuwa kiti cha nyuma na kizimba, nikafuta haraka kwa kanga, nikaikunja, nikaitia ndani ya mkoba. Happy akauliza kutoka mbele mbona anasikia harufu ya samaki. Nikasema ni kile kiganja cha alfajiri. Makuyuni Kashata akatapika tena. Tulipoiacha Arusha kuelekea uwanja wa ndege alikuwa anatoa povu jeupe tu, kichwa amekilaza juu ya gauni la Sabra.

Pale uwanjani alikuwepo daktari wa mifugo wa kukagua wanyama kabla hawajapakiwa. Mtu mpole. Alimtoa Kashata, akambonyeza tumbo, akamtazama ufizi, akauliza amekula saa ngapi. Happy akasema alfajiri, kidogo. Kisha akanigeukia ili nithibitishe.

Nikasema ndiyo.

Daktari akasema paka ambaye hajala tangu alfajiri na bado anatapika hivi, huyo ana ugonjwa, hawezi kumruhusu kupanda. Arudi nyumbani, apimwe, atibiwe. Vyeti vyake vina siku chache tu za kutumika, vikipita itabidi vitafutwe vingine. Happy alijitahidi kumweleza jinsi mnyama huyu alivyoandaliwa kwa miezi mitano, akifungua faili karatasi moja moja. Mimi nimesimama pembeni na mkoba wenye kanga ya samaki. Neno langu moja tu lingetosha.

Sikulitoa. Nilisikia kitu kinanishuka mwilini, na nilipokitambua niliona aibu. Ilikuwa ahueni. Ndege inaondoka bila Kashata, na mimi nimefurahi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu jana ilikuwa kutoka uwanja wa Kilimanjaro mpaka Babati, na Happy aliendesha yote bila kunilaumu. Alikuwa anajilaumu mwenyewe. Alijiuliza kwa sauti kama kizimba ni kidogo, kama gari lilikuwa na joto, kama angekuja siku moja kabla mambo yangekuwa mengine. Hilo liliniuma kuliko maneno ya daktari. Binti wa watu anatafuta kosa kwenye kazi yake, na kosa limekaa kiti cha nyuma.

Leo Kashata ameamka mzima kabisa, anadai chakula. Hana ugonjwa wowote. Baada ya swala ya adhuhuri nikampigia Happy nikamweleza kila kitu, perege, maziwa, mlango wa jikoni, kanga. Kisingizio cha mama yangu kilikuwa tayari mdomoni, nikakimeza. Happy akasema kama ningesema ukweli pale pale, wangempumzisha Kashata, wakamwombea ndege ya siku inayofuata. Akasema pia kwamba paka aliyeshiba akitapika ndani ya kizimba, huko angani, anaweza kupaliwa akafa, na mtu wa kwanza kujua atakuwa yule anayekuja kumpokea.

Anayekuja kumpokea ni Sabra.

Sauti ya Happy haikupanda hata kidogo. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza tangu mambo haya yaanze.

"Mama Rukia, wewe unataka aende, au hutaki?"

Nikamwambia, "Nataka amfikie mtoto. Sitaki aniache."

Ndivyo ilivyo. Yote mawili ni kweli, na miezi yote hii nimekuwa nikisema moja tu. Nyumba hii ilikuwa na mtoto na paka. Mtoto alipoondoka, paka ndiye aliyekuwa akinipokea mlangoni nikitoka sokoni. Akiondoka naye nitakuwa naingia ndani nasalimia viti. Mila ya mama yangu haina hatia hapa. Mimi ndiye niliyeitumia kufunika hofu yangu, na ningeweza kumuua mnyama ambaye mtoto anamsubiri.

Happy akasema Jumamosi kuna nafasi na vyeti bado vina siku, ila yule daktari lazima ajue ukweli, na wa kumwambia ni mimi. Nikampigia. Alinisikiliza, akashusha pumzi, akasema aletwe atamtazama upya, akiwa mzima atampitisha. Basi nikamwomba Happy jambo moja. Asiniachie Kashata asubuhi ya safari. Aje kesho amchukue, alale kwake Arusha, chakula ampimie yeye. Najijua. Jumamosi alfajiri ningeingia jikoni tena.

Alikubali, na akaniita mama kama siku zote. Sikustahili, lakini nimepokea.

Rukia nikamweleza baadaye. Alilia kidogo, akasema sitamwambia mimi, mwambie mwenyewe. Akampa mtoto simu. Sabra akatokea amevaa sweta linalomzidi, akanitazama kama kawaida yake. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, akaniwahi.

"Bibi, Kashata amekula?"

Kwetu hilo ndilo swali la kwanza kuhusu msafiri yeyote. Nimemfundisha mimi.

"Amekula, mjukuu wangu. Nilimlisha nilipokatazwa, ndiyo maana hajafika."

Nikamweleza yote mpaka kanga. Nikamwambia Bibi alikuwa anaogopa kubaki peke yake, akafanya jambo baya, akadanganya watu wazima wenzake. Nikamwomba anisamehe. Nikamwambia safari hii Kashata ataondoka na njaa, na atafika. Sabra alisogeza uso karibu na simu mpaka nikaona jicho moja tu na kipande cha paji. Nikadhani anamtafuta paka, nikataka kumgeuzia.

"Na wewe Bibi, umekula?"

Sikuwa nimekula. Tangu jana asubuhi sikutia kitu mdomoni zaidi ya chai. Na kusema kweli, tangu waondoke napika kidogo, nakula nimesimama karibu na jiko, kisha naosha sufuria. Mtoto asiyesema neno kutwa nzima shuleni, maneno aliyokuwa nayo leo amenipa mimi.

Nikamjibu sijala, nakwenda kula sasa. Nilitegemea akate simu. Akasema atasubiri.

Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari. Nikawasha jiko, nikapasha maharage, nikasonga ugali mdogo, yeye akinitazama. Nikavuta kiti, nikakaa, nikala mpaka mwisho. Kashata alipita mezani mara moja, Sabra akamwita jina, kisha akarudi kunitazama mimi. Nilipomaliza akasema haya Bibi, lala salama, akakata.

Kesho saa nne Happy anakuja kumchukua Kashata. Jioni yake nitapika, na nitakula nimekaa.